Sauti Niliyoifunika kwa Mvua

Enzi zetu sisi watoto wa mashamba ya Eringeti, mama alituhesabu kwa masikio. Hakuwa na namna nyingine. Mwanamke wa kwetu akitoka shambani hubeba kitunga mgongoni, na kamba ya kitunga hupita juu ya paji la uso, uzito wote ukaning'inia hapo. Akigeuza shingo kwa ghafla anaanguka na mzigo wake. Basi mama alitangulia, sisi tukafuata, na kila baada ya mwendo fulani aliita majina yetu moja moja bila kugeuka, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwetu Wanande mpangilio huo umo ndani ya jina lenyewe: Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kakule ndiye mimi. Aliita, tukaitika, akaendelea na safari.

Asipoitikiwa, alitua. Wenzangu mliokulia huko mnajua maana ya kutua kitunga cha mihogo na kuni katikati ya njia. Kukishusha ni rahisi, ila kukipandisha tena kunataka watu wawili na subira, na mvua nayo iko njiani. Mama akitua kwa sababu yako, alirudi nyuma na fimbo aliyoivunja palepale kichakani. “Mi nimetua muzigo juu yako?” alisema, na baada ya hapo hakukuwa na swali lingine.

Leo mwanangu yuko chumba cha pili na mimi namwita mara tatu. Masikio ameyaziba kwa vile vifaa vidogo vyeupe, na akitaka kunijibu ananiandikia kwenye simu: ndiyo papa. Ndiyo papa, na kati yetu kuna ukuta mmoja wa matofali! Mama yangu angetua mzigo hapo hapo sebuleni.

Njia ya kutoka shambani ilikuwa shule yetu ya pili, na ilikuwa tamu kuliko ile ya kwanza, ambako mwalimu alitugonga vidole kwa rula kwa sababu ya vitenzi vya Kifaransa. Tulipasua tunda la kakao juu ya jiwe tukanyonya ule ute mweupe, mtamu na mchachu kidogo. Mbegu tulizitema mkononi na kuzirudisha kwenye kikapu, maana mbegu ndiyo ilikuwa daftari na kaptula yetu ya mwaka ujao. Tulijua mpera gani umeiva na mwenye nao kalala saa ngapi. Na mvua ya huko ilikuwa na adabu, ilitangaza kwamba inakuja. Uliisikia kwa mbali juu ya migomba, shaaa, ukapata muda wa kukata jani na kulifunika kichwani kabla haijakufikia. Nikiwa hapa Butembo kwenye baridi na vumbi jekundu, nikisikia tu mvua inaanza juu ya mabati, pua yangu inarudi kule yenyewe.

Kasereka alinizidi miaka minne. Mikono yake ilijua mti tangu utotoni. Mnaifahamu chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wazima hushushia magunia mteremkoni. Yeye alijitengenezea ya kwake, ndogo, gurudumu kalichonga kwa panga, breki ni kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari. Alikuwa anachelewa nyuma yetu kila siku, akikagua tawi hili na shina lile kama mnunuzi. Na kwa kuwa alichelewa, alihitaji mtu wa kumwitikia.

Mtu huyo alikuwa mimi. Mumbere na Kambale walikuwa wakubwa, walisoma Butembo kwa mjomba, kwa hiyo njiani tulibaki wawili. Mama akiita “Kasereka!” nami nikaona hayupo, nilibana pua kidogo, nikaishusha sauti hadi kifuani, nikaivuta, mwishoni nikaiachia ipande: “Eeeeh, mama!” Kisha akiita “Kakule!” nikaitika kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba kama ya mwanambuzi. Mama hakugundua hata siku moja. Kasereka alikuja mbio, akatufikia kabla ya kijito, akidhani bado hajaitwa, wala sikumwambia. Nilijisikia mkubwa. Masomo yalinishinda, mpira ulinishinda, lakini sauti ya kaka yangu niliijua kuliko alivyoijua mwenyewe.

Labda ndiyo maana nimeishia kwenye sauti. Mimi ni fundi wa mitambo katika redio moja ya mtaa hapa Butembo. Nakata, naunga, nasafisha kikohozi cha mheshimiwa kabla ya habari ya saa moja. Mwaka huu tulipewa mafunzo. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Bunia, miwani yake kaifunga kwa uzi, na siku ya kwanza tu alitupa kazi: kila fundi atengeneze kipande cha sauti cha dakika kumi. Hakutaka habari wala tangazo, alitaka sanaa, kitu cha mtu binafsi kuhusu siku alipoacha kuwa mtoto. Kitasikilizwa ukumbini mbele ya watu, kisha kitakwenda hewani. Aliweka sharti moja. Yeyote ambaye sauti yake imo ndani lazima akisikie kipande chote kabla ya watu wengine.

“Sauti ya mutu ni mali yake,” alisema. “Hapana kumuibia.”

Wenzangu walicheka, mmoja akasema yeye bado ni mtoto, aulizwe mke wake. Siku yangu ya kuacha utoto niliijua. Niliijua hata saa yake, na nilijua watu wawili ambao wangepaswa kuisikia.

Nilianza kwa yaliyo mepesi, kama mtu anayezunguka nyumba kabla ya kupiga hodi. Nilirekodi mchi kwenye kinu cha jirani, wasichana wakiruka kamba, gurudumu la chukudu likilia mteremkoni kuelekea sokoni. Nilikaa chini ya migomba ya watu na maikrofoni ndani ya mfuko wa plastiki nikisubiri mvua, mwenye shamba akanidhania mwizi. Nilicheka. Nyumbani nilisikiliza vyote, vilikuwa vizuri, na kila kimoja kilikuwa kinaniuliza lini nitakwenda kwa mama.

Mama anakaa juu ya kilima, nyumba ya mabati yenye uzio wa mikaratusi. Sasa ni mzee. Kwenye paji lake la uso umebaki mfereji mdogo, kazi ya kamba ya miaka mingi, na akifikiri huupapasa kwa kidole. Nilimwambia anisimulie tu mambo ya shambani: uji wa mtama, mavuno, nyimbo za kupalilia. Alisimulia kwa dakika tano hivi. Halafu, bila mimi kuuliza, aliingia mwenyewe mahali nilipokuwa napaogopa.

“Ile siku ya kukimbia,” alisema, “hatukupata hata wakati ya kufunga mulango. Nilitia sufuria na unga mu kitunga, nikabeba. Ku njia batu balikuwa bengi, kila mutu na mbio yake. Nikaita: Kasereka! Akaitika. Nikaita: Kakule! We pia ukaitika. Kisha mbele kidogo nikaita tena, akaitika tena. Nikajua batoto bangu beko nyuma yangu. Kumbe ule wa kichwa nguvu aliitika, kisha akarudi juu ya kale kachukudu kake. Anasemaka eti sikumuita. Mi nilimuita, Kakule. Mungu eko shahidi. Nilimuita.”

Ukisikiliza rekodi ile vizuri utasikia waya mkononi mwangu ukigonga meza mara mbili.

Sasa niseme ilivyokuwa, na niseme wazi, maana nimekwisha kujificha vya kutosha. Nilikuwa na miaka minane, Kasereka kumi na miwili. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Papa alikuwa amekwenda Beni na kahawa. Milio ya bunduki ilitoka upande wa barabara kuu, ikasogea, na kijiji chote kikaingia njia ya mashambani kwa pamoja. Mama alitangulia na mzigo. Kati yake na mimi kulikuwa na jirani na mbuzi zake na wanawe. Mama aliita “Kasereka!” Nikatazama nyuma, hayupo. Nikabana pua nikaitika.

Nilifanya kama siku zote. Sikufikiri. Nilijua atakuja mbio, atatufikia kabla ya kijito. Tulivuka kijito. Mama akaita mara ya pili, nami wakati huo nilishaanza kuogopa, lakini niliogopa zaidi fimbo, na niliogopa kwamba mama akitua hapa katikati ya watu hawa wote wanaosukumana itakuwa kosa langu. Nikaitika tena. Mara ya tatu koo lilikataa. Mama akasikia kimya, akatua. Lakini waliokuwa nyuma yetu walikuwa wanakuja wakipiga kelele kwamba njia imefungwa, hakuna kurudi, na wanawake watatu walimshika mama mikono na kiuno wakamburuta mbele. Kitunga kilibaki njiani na unga wake.

Kasereka alikaa msituni na mashambani siku kumi na moja. Alikula muhogo mbichi na kunyonya kakao. Seremala mmoja wa Mavivi alimkuta kando ya barabara, akamlisha, akamleta hadi kwenye uwanja wa kanisa huko Beni, ambako sisi wakimbizi tulilala chini ya mahema. Mama alipomwona alilia, akamkumbatia, kisha akampiga kofi, kama wanavyofanya akina mama ambao wamekwisha kumlilia mtoto kama maiti.

“Uliniitika mara mbili! Juu ya nini ukarudi?”

“Sikuitika, mama. Hukuniita.”

“Mi hapana kukuita? Unanifanya mi mama ya bongo, mama ya kudanganya, mbele ya batu?”

Kasereka akanigeukia. Midomo ilikuwa imepasuka, miguu imevimba. “Kakule, we ulikuwa naye. Aliniita?”

Watu wote waliniangalia. Mama aliniangalia. Na mimi, ambaye nilijua kila kitu, nikasema: “Mi sikusikia.”

Nilikuwa mtoto, mtaniambia. Ndiyo, hadi dakika ile nilikuwa mtoto. Nilipofumba mdomo sikuwa tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita shule ya msingi na ya sekondari, imepita harusi yangu, imepita mazishi ya papa aliyekufa bila kujua. Mwaka ule ule Kasereka alirudi Mavivi kwa yule seremala kujifunza kazi, na hakulala tena chini ya paa la mama. Huja kwenye msiba na kwenye ubatizo. Humpa mama mkono kama anavyosalimiwa mke wa mchungaji, huketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na chakula kikikaribia hukumbuka kazi. Kwetu kuondoka nyumbani kwa mama yako bila kula ni kusema neno ambalo mdomo hauwezi kulisema. Mama anampikia kila mara, na sahani inarudi jikoni imefunikwa vilevile. Miaka yote hiyo niliitazama sahani ile ikipita mbele yangu.

Nilikwenda Mavivi. Karakana yake iko si mbali na uwanja wa ndege, imejaa mbao za mti wa libuyu na harufu ya vanishi. Alinipokea vizuri, akafuta kiti kwa mkono wake. Mimi daima alinipokea vizuri. Nikamwekea maikrofoni, nikamwomba anisimulie chukudu yake ya kwanza. Alicheka, akaeleza lile gurudumu la panga. Halafu akashika randa akawa anaichezea.

“Juu yake njo nilirudi,” alisema. “Nilikuwa mujinga. Lakini nilijua kama mama akiita na mi nakosa kuitika, atatua. Alikuwaka anatua kila mara, hata juu ya mapera. Donc, basi, nilingoja. Nilijificha mu kahawa, nikawa nasema: sasa anaita, sasa anatua, sasa anakuja na fimbo yake. Nilikuwa nataka hata ile fimbo. Hakukuja. Hakuniita.”

Hapo ndege ikapita juu ya paa na kufunika kila kitu. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikainua mkono nikamwambia, kama mdogo anavyomwita kaka yake kwetu: “Yaya, rudia ile ya mwisho, ndege imefunika.” Nilitaka ardhi inimeze, lakini neno lilikwisha toka. Kasereka akasubiri ndege iishe, akasogea karibu na maikrofoni kama nilivyomfundisha, akarudia polepole, kwa utii:

“Mama hakuniita.”

Niliporudi Butembo nilizipanga sauti mbili kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine. Anayefanya kazi hii anajua, sauti ikiwa mbele yako kama mstari unaweza kuikata bila mtu kujua. Ningeweza kutoa “nilimuita” na kutoa “hakuniita”, nikabaki na chukudu na uji wa mtama, na watu ukumbini wangefuta machozi matamu na kunipigia makofi. Nilizikata zote mbili. Nikazirudisha. Nikazikata tena.

Mwisho niliziacha, nikampelekea mwalimu. Alisikiliza amefumba macho, akavua ile miwani ya uzi.

“Mama anasema alimuita, akaitika. Mutoto anasema hakuitwa. Bote babili hawadanganye, nasikia mu sauti,” alisema. “Sasa nani aliitika?”

Nikamwambia sehemu hiyo bado sijaitia.

Niliirekodi nyumbani, mke wangu akiwa sokoni, nimejifunika blanketi la kuzuia mwangwi. Sentensi mbili tu. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi pekee ndiye angelifanya. Niliiweka sauti yangu chini ya mvua, ile mvua ya migomba niliyoisubiri na mfuko wa plastiki, nikaishusha na kuishusha hadi ikawa kama mtu anayenong'ona nyumba ya tatu. Nikajiambia ndiyo sanaa yenyewe, msikilizaji afanye kazi kidogo. Moyoni nilijua nafanya nini. Nilitaka niwe nimesema bila wao kusikia.

Kasereka alikuja Butembo kununua vanishi na bawaba, nikamwomba apite kwa mama mchana kwa ajili ya lile sharti la mwalimu. Alipita. Akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Mama alikuwa amepika bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, vyote vimefunikwa mezani. Niliweka spika ndogo kando ya bakuli, nikabonyeza.

Kinu kikaanza, kamba ya wasichana, gurudumu. Mama alipojisikia anasimulia uji alifunika mdomo akicheka. “Ni mi ule? Nimezeeka hivi?” Hata Kasereka alitabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde, maana nilijua kila kitu kiko wapi. Ikafika. “Mi nilimuita, Kakule. Mungu eko shahidi.” Kasereka akatazama nje. Mara ikafuata sauti yake yeye, karibu, safi, bila ndege: “Mama hakuniita.” Mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka yote hawakuwahi kuambiana maneno yale tena, na sasa yalikuwa yanasemwa mezani kwao na kisanduku kidogo.

Halafu mvua ikaja.

“Hapo ni nani anasema?” Kasereka akauliza. “Kuko mutu anasema ndani.”

“Mvua inafunika,” mama akasema.

“Kakule, rudisha. Pandisha.”

Nikarudisha, nikapandisha. Mvua ikajaa chumba kizima, ikagonga bakuli, na sauti yangu ikabaki chini yake vilevile, maana mimi mwenyewe niliifunga huko.

“Hiyo ni mvua tu. Unasema nini mule?”

Nilikuwa na jibu tayari. Ni kosa la mitambo, nitarekebisha, nitawaletea wiki ijayo. Lilikuwa mdomoni kabisa, laini, kama lile la uwanja wa kanisa. Nikazima spika.

“Ni mi niliitika,” nikasema. “Mama alikuita, yaya. Mara mbili. Mi niliitika na sauti yako. Na kule kanisani nilidanganya.”

Mama alitikisa kichwa. “Hapana. Hapana, Kakule. Mi najua sauti ya batoto bangu. Ule alikuwa Kasereka.”

“Alikuwa mi, mama.”

“Hapana kusema vile! Sauti ya mutoto niliyezaa, mi nikose kuijua?”

Sikuwa na namna nyingine ya kumwonyesha. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, nilibana pua, nikaishusha sauti hadi kifuani, nikaivuta, mwishoni nikaiachia ipande.

“Eeeeh, mama!”

Ilitoka ileile. Miaka haikuigusa. Mama alitoa mlio mdogo, akaziba masikio, na Kasereka akasimama akanitazama kama mtu aliyejiona mwenyewe akipita njiani. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru.

Hakunipiga. Alikaa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Rudisha fasi ya mama.”

Nikawasha. Mi nilimuita, Kakule. Mungu eko shahidi. Nilimuita.

“Tena.”

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, viwiko juu ya magoti.

“Tena.”

Baada ya mara ya tatu alinyanyua kiti kile kwa mkono mmoja, akakitoa mlangoni, akakiweka mezani. Akanawa mikono. “Mama,” akasema, “nipatie bugali.” Mama alimpakulia, sombe ikamwagika kidogo kwenye kitambaa, hakuna aliyeipangusa. Alikaa mbele yake akimtazama kila tonge kutoka sahanini hadi mdomoni, akilia bila sauti, na kila sahani ilipopungua aliongeza. Mbele yangu hapakuwa na sahani, nami sikuiomba.

Kasereka alikula akamaliza. Alimuaga mama kwa kumshika kichwa, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye mikaratusi alikoegesha pikipiki yake. Alifunga makopo ya vanishi kwa mpira, akakaza, akakaza tena.

“Itie ku redio yote,” alisema. “Ile mvua, toa.”

“Yaya...”

“Ile siku nilikuuliza, Kakule. Mama alisema hivi, we ulisema hivi. Kati ya mama na we, nilikuamini we.” Akawasha pikipiki. “Miaka yote hii.”

Niliitoa mvua. Sauti yangu ikabaki peke yake, kavu, ikisema sentensi zake mbili. Ukumbini watu walisikiliza hadi mwisho, kisha wakasimama. Vijana wa redio walinipiga mabegani, wakasema sauti imetoka safi, nimetumia kifaa gani. Mwalimu alinishika mkono, na yeye peke yake ndiye niliyeweza kumtazama usoni.

Watoto wa leo nawacheka, lakini wakati mwingine nawaonea wivu. Ujumbe wao ukifika, alama inatokea. Aliyesoma anajulikana, aliyenyamaza anajulikana, na hakuna awezaye kumwitikia mwenzake kwa kubana pua. Sisi tulikuwa na njia nyembamba, mgongo wa mama mbele yetu, na neno moja la kumwambia kwamba tuko hai. Lilikuwa neno zuri. Natamani wanangu wangelijua, hata kwa siku moja, wakitembea nyuma ya mtu asiyeweza kugeuka na ambaye anawaamini kwa masikio tu.

Kasereka sasa huja kwa mama karibu kila mwezi. Amemtengenezea kabati la vyombo na kitanda kipya, na usiku mmoja mvua ilipozidi alilala huko huko. Mama ameanza kunenepa. Mimi nikifika naye yupo, anasalimia watoto wangu, anamsalimia mke wangu, anaangalia saa.

Jumapili iliyopita simu ya mama ilikuwa kwangu, naichaji. Ikalia, nikaona jina la Kasereka, nikapokea haraka kabla haijakatika.

“Allô, yaya.”

Nilisikia randa ya mtu mwingine ikifanya kazi nyuma yake.

“Patia mama,” akasema.

Nikapanda kilima kumpelekea.